Sekunde Kabla ya Mita: Kusoma Utabiri wa Mawimbi ya Teahupo'o

Mtu asiyezoea utabiri wa mawimbi huanza kwa kutafuta mita. Akiona "mita 2", anakumbuka mawimbi ya kimo hicho aliyowahi kuyaona ufukweni, anajiambia kwamba anayamudu, anachukua ubao wake. Kwenye ufukwe wa mchanga huenda akarudi salama. Teahupo'o, kusini-magharibi mwa rasi ya Tahiti Iti katika Polinesia ya Kifaransa, hesabu ya namna hiyo inaweza kumuua. Huko namba ya kwanza kusomwa ni sekunde, ya pili ni digrii, na mita zinakuja nyuma.

Kijiji chenyewe kipo mwisho wa barabara. Mwamba wa matumbawe umejenga ukingo wake kiasi cha nusu kilomita kutoka pwani, na katikati yake pana mlango uitwao Hava'e ambapo maji ya ndani hutokea kwenda bahari kuu. Milango ya aina hii hupatikana mara nyingi mkabala na mabonde ya mito, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji baridi wala matope. Anayeijua milango ya Kilifi na Mtwapa ataelewa mara moja. Ajabu ya Teahupo'o ipo upande wa nje wa ukingo. Sakafu ya bahari haipandi polepole kuelekea nchi kavu. Inatoka kwenye kina kirefu na kupanda kwa ghafla hadi juu ya mwamba, ambako mahali pengine maji hayazidi mita moja.

Sasa tuchukue mstari mmoja wa utabiri, kama unavyoonekana kwenye simu ya mtelezaji yeyote wa mawimbini: mita 2, sekunde 17, digrii 215.

Sekunde 17 ndicho kipindi, yaani muda unaopita kati ya kilele cha wimbi moja na kilele cha linalofuata. Kwenye maji ya kina kirefu, kipindi peke yake kinatupa urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele: zidisha sekunde kwa sekunde, kisha zidisha kwa 1.56. Kwa sekunde 17 tunapata takriban mita 450. Kwa sekunde 9, ambazo ni mawimbi ya kawaida ya upepo wa karibu, tunapata kama mita 126. Wimbi huanza kuigusa sakafu pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake. Kwa hiyo wimbi la sekunde 17 linaanza kuhisi ardhi kwenye kina cha mita 225, ilhali la sekunde 9 linasubiri hadi mita 63. Mawimbi haya mawili yana kimo kimoja kwenye utabiri, lakini la kwanza linashuka chini kweli kweli, na kila mita ya kilele chake imebeba karibu mara mbili ya nguvu ya lile la pili.

Yakifika mwambani, tofauti inaonekana kwa macho. Wimbi refu linapoingia kwenye maji haba linapunguza mwendo sana, na nguvu iliyokuwa ikienda mbele inageuka kuwa kimo. Hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba kwenye kina cha mita 5, wimbi la mita 2 na sekunde 17 limeshakua kufikia karibu mita 2.8, huku la sekunde 9 likiwa bado kwenye mita 2 na kitu kidogo. Na hapo hatujaingiza umbo la mwamba, ambalo linakusanya nguvu na kuongeza zaidi. Isitoshe, hizo mita 2 zenyewe ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Ukikaa majini kwa saa kadhaa, tegemea kukutana na moja linalokaribia mara mbili ya kimo hicho.

Mawimbi haya hayazaliwi Tahiti. Yanatoka kwenye dhoruba za Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, hasa kati ya Aprili na Oktoba wakati kule ni majira ya baridi. Ili kipindi kirefuke panahitajika mambo matatu kwa pamoja: upepo mkali, muda mrefu wa kuvuma, na eneo refu la maji ambalo upepo huo unalipitia bila kukutana na nchi kavu. Kusini mwa Nyuzilandi yote matatu yapo. Dhoruba inaweza kuwa umbali wa kilomita 4,000 au zaidi, na mtu aliyeketi ufukweni Tahiti chini ya anga safi hana habari nayo.

Mawimbi ya dhoruba moja huondoka kama wakimbiaji wa mbio ndefu: wote wanaanzia mstari mmoja, lakini kadiri safari inavyorefuka ndivyo wenye kasi wanavyowaacha wenzao. Wenye kasi ni wenye kipindi kirefu. Kundi la mawimbi ya sekunde 20 husafiri kama kilomita 56 kwa saa, na la sekunde 15 kama kilomita 42. Kwa safari ya kilomita 4,000, la kwanza linafika baada ya siku tatu hivi, na la pili linachelewa siku nzima nyuma yake. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya mawimbi makubwa ni ndogo mno: bahari inatulia, kisha vinapita vimo vya nusu mita, vimeachana sana, sekunde 19 au 20 kati ya kimoja na kingine. Asiyejua anasema leo hakuna kitu. Anayejua anaanza kukagua kamba za boti.

Sayansi hii ina historia ya heshima. Wanasayansi Harald Sverdrup na Walter Munk waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili majeshi yajue lini mawimbi yataruhusu vyombo kutua ufukweni, na njia yao ilitumika katika maandalizi ya kutua Normandy Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake walipanga vituo vya kupimia kuvuka Pasifiki nzima, kutoka Nyuzilandi hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini yakipita kituo baada ya kituo. Waliona kwamba baada ya kutoka kwenye eneo la dhoruba, mawimbi marefu hupoteza nguvu kidogo sana njiani. Programu za leo, kama WAVEWATCH III ya Marekani, hufanya hesabu hizo kwa bahari zote za dunia, na setilaiti hupima kimo cha mawimbi ili kuzisahihisha.

Sisi wa Bahari ya Hindi tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mei 2007 dhoruba iliyopita kusini mwa Afrika ilituma mawimbi marefu kaskazini. Tarehe 12 yalikipiga kisiwa cha Reunion na kuleta hasara kubwa bandarini Saint-Pierre. Siku tatu baadaye yalikuwa yameingia kwenye visiwa vya Maldivi, kilomita zaidi ya 3,000 mbele, yakafurika makazi ya watu ingawa hapakuwa na dhoruba karibu. Ukipiga hesabu ya mwendo kwa kipindi cha sekunde 17 au 18, siku tatu ndizo hasa zinazotoka. Mvuvi anayetazama upepo na mawingu tu hawezi kuliona jambo la namna hii likija. Sekunde zingemwambia, na naamini zinastahili kutangazwa redioni pamoja na mita.

Turudi kwenye mstari wetu. Digrii 215 ni upande ambao mawimbi yanatokea: kusini-magharibi, yakiegemea kidogo kusini. Kwa Teahupo'o huo ni upande mzuri. Mawimbi yanayotoka kusini kabisa hupita sambamba na ukingo na kuvunjika kwa utaratibu, na mtelezaji anapata njia ndefu ya kukimbilia mlangoni. Kadiri upande unavyosogea magharibi, kwenye digrii 230 na kuendelea, wimbi linaukabili mwamba uso kwa uso. Sehemu ya mwisho inajikunja kumwelekea mtelezaji, na mlango wa kutokea unaanza kufungwa. Digrii 20 kwenye jedwali hazionekani kuwa kitu. Pale ndizo zinazoamua kama mtu atatoka kwenye pango la maji kwa miguu yake au atatupwa juu ya matumbawe.

Pango lenyewe linahitaji maelezo, maana hapa ndipo Teahupo'o inapoachana na sehemu nyingine. Wimbi likipanda polepole juu ya mchanga, linasuguana na sakafu, linachoka, linaporomoka kuanzia kileleni kwa povu. Wimbi la sekunde 17 likitoka kwenye kina na kugonga ukingo ghafla, halipati muda wa kuchoka. Chini yake linakwama, juu yake bado lina mwendo wa bahari kuu, na ule mdomo wa juu unarushwa mbele ukiwa mnene kama kimo cha wimbi lote. Wakati huohuo linayanyonya maji yaliyo mbele yake juu ya mwamba, hivi kwamba sehemu ya chini ya wimbi inakuwa imezama chini ya usawa wa kawaida wa bahari. Ukilitazama kwa nyuma kutoka baharini, unaona kimlima kidogo tu cha maji. Ukilitazama kwa mbele, unaona ukuta. Tarehe 17 Agosti 2000 mtelezaji Laird Hamilton alivutwa na pikipiki ya majini akaingia kwenye wimbi la namna hiyo, na picha zake zikabadilisha fikra za watu kuhusu kinachowezekana juu ya ubao. Tarehe 27 Agosti 2011 bahari ilikuwa mbaya kiasi kwamba mamlaka zilitoa tahadhari nyekundu kwa vyombo vya baharini.

Kwa mtu wa pwani yetu, jambo la kushangaza zaidi Tahiti ni maji kupwa na kujaa. Mombasa au Zanzibar, wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hakuna anayekwenda mwambani bila kuhesabu siku za mwezi. Tahiti ipo karibu na mahali katika Pasifiki ambapo mvuto wa mwezi unakaribia kutokuwa na athari kwenye kina cha maji. Kinachobaki ni mvuto wa jua. Maji hujaa karibu saa sita mchana na saa sita usiku kila siku, na tofauti haizidi sana sentimita 30. Kwa hiyo hakuna wakati wa kusubiri maji yaongezeke ili mwamba ufunikwe vizuri. Mkondo wa mlangoni nao hautawaliwi na mwezi bali na mawimbi yenyewe: yanapovunjika yanamwaga maji ndani ya ukingo, na maji hayo yanatafuta njia ya kurudi kupitia Hava'e. Siku ya mawimbi makubwa mlango unavuta kwa nguvu mchana kutwa.

Upepo hauna mengi. Asubuhi upepo wa umande unaoshuka kutoka mabondeni unasafisha uso wa wimbi, na pepo za kaskazini-mashariki hazina madhara. Unaoharibu ni upepo wa kusini-mashariki ambao Watahiti huuita maraʻamu. Ukishika, unaweza kuvuma siku kadhaa na kuivuruga bahari hata kama sekunde na digrii ni zile zile ulizozingoja.

Kuna kitu ambacho hakuna utabiri unaokiweza. Mawimbi husafiri kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kulala. Michezo ya Olimpiki ya 2024 ilileta shindano la kuteleza mawimbini huko Teahupo'o, na waandaaji walitenga siku nyingi kuliko walizohitaji ili wasubiri hali nzuri. Tarehe 29 Julai mawimbi yalifika. Gabriel Medina wa Brazili akapata alama 9.90, na Jérôme Brouillet akampiga picha akiwa amening'inia hewani na ubao wake pembeni. Kwenye nusu fainali Medina huyo huyo alikaa majini akingoja wimbi la pili la maana, na halikuja. Fainali nayo ilikuwa hivyo hivyo: Kauli Vaast, mzaliwa wa Tahiti, alichukua mawili mazuri mapema, kisha bahari ikamnyima Jack Robinson wa Australia nafasi ya kujibu. Hilo si kosa la utabiri. Unasema saa sita zijazo zitakuwaje kwa jumla. Nusu saa yako ndani ya hizo hauijui.

Kwa hiyo wenyeji wa kazi hii hawasomi utabiri mara moja. Wanautazama siku tano kabla, wakati dhoruba bado ni mchoro wa mistari ya mgandamizo wa hewa kusini mwa Nyuzilandi, na wanajua namba zitabadilika. Wanautazama tena kila unapofanyiwa hesabu upya. Wimbi letu la sekunde 17 kutoka digrii 215 hupita maeneo ya kisiwa cha Rarotonga chini ya siku moja kabla ya kufika Tahiti, na habari za kutoka huko zina thamani kubwa kuliko jedwali lolote. Asubuhi yenyewe wanakwenda mlangoni kwa boti, wanakaa kwenye maji ya kina pembeni mwa wimbi, umbali wa makumi machache tu ya mita kutoka linapovunjika, na kabla mtu hajagusa ubao wanasubiri kundi zima lipite, kisha jingine, wakihesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Wakipata 17, utabiri ulisema kweli. Wakipata 19, wale ambao mwamba huu ni mgeni kwao wanabaki kwenye boti.