Njozi za Watu Wazima

Wako wanaoshikilia kwamba njozi ni chakula cha watoto, na kwamba mtu akishaanza kulipa kodi hana budi kuishi na yaliyopo tu. Rai hii haisimami mbele ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Mwandishi huyo aliitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika miaka mingi, kwanza katika forodha. Mikono yake iliyazoea makaratasi ya ofisi. Hata hivyo nchi aliyoibuni inaelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye, badala ya kujitetea kwa hoja kavu, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarejea na mema, wakalipwa kifungo.

Msomaji wa zama zile, ambaye pengine hakuthubutu kumlaumu Bwana Shauri waziwazi, aliweza kuwahukumu wakubwa wa angani bila hofu. Akishazoea kuwahukumu hao, wa duniani nao hawakumwelea tena kama zamani. (Ndoto ya mchana isiyomrudisha mtu kazini kwake ni jambo jingine.) Karama alishinda, na wajumbe wakafunguliwa.