Soketi Moja, Lugha Mbili

Fungua kava la Dell OptiPlex 790, ile kompyuta nyeusi ya mezani inayouzwa mitumba Nairobi na Dar es Salaam. Ondoa feni, futa pesti iliyokauka, nawe utaiona prosesa: bati la mraba linaloenea kwenye kiganja cha mtoto. Mara nyingi jina lililoandikwa juu yake ni Pentium G620 au Core i3-2100. Hizo ni prosesa za mwaka 2011, zenye viini viwili tu, zilizotosha kwa barua na mahesabu ya ofisi. Leo mashine hiyo hiyo inatakiwa ifungue kurasa ishirini za intaneti na kuendesha kikao cha video papo hapo. Inahema.

"Tafuta i7 ya 1155 uchomeke, kaka, itaruka," utaambiwa dukani. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowala watu fedha.

Namba 1155 ni idadi ya pini zilizo kwenye soketi ya mazabodi. Pini hizo ni nyembamba mno, na kila moja imepinda kama springi, inasubiri kugusa doa la dhahabu chini ya prosesa. Prosesa za Intel za familia ya Sandy Bridge, zilizotoka Januari 2011, zina madoa 1155. Za Ivy Bridge, zilizofuata Aprili 2012, nazo zina hayo hayo. Core i7-2600 ni ya familia ya kwanza, Core i7-3770 ni ya pili. Ukizipanga mezani, utazitambua kwa maandishi tu. Zote mbili zitakaa kwenye 790 bila kulazimishwa, lakini ni i7-2600 peke yake itakayowaka.

Ili kuelewa sababu, fuatilia kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Wakati huo prosesa haijui lolote kuhusu Windows wala diski. Maagizo yake ya kwanza inayasoma kutoka kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyogandishwa kwenye mazabodi, yenye programu iitwayo BIOS. Programu hiyo huiuliza prosesa: wewe ni nani? Prosesa hutoa namba yake ya utambulisho. BIOS ikiifahamu, huipa marekebisho yanayoihusu, huamsha RAM, kisha picha hutokea kwenye skrini. Isipoifahamu, kazi hukwama hapo. Mgeni amepiga hodi kwa lugha isiyojulikana ndani ya nyumba, na feni inazunguka mbele ya skrini nyeusi.

Mara nyingi tiba ni kusasisha BIOS. Mazabodi za nyumbani zenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi) za H61 au Z68 zilifundishwa kuipokea Ivy Bridge kwa njia hiyo. Lakini chipseti ya 790 ni Q65, na Intel iliziweka kando chipseti tatu za ofisi, B65, Q65 na Q67: hazikupewa ruhusa ya kutumia Ivy Bridge. Kwa hiyo, kabla ya kutazama prosesa yoyote, tafuta jina la chipseti yako na orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji wa mazabodi amezikubali.

Lipo pia suala la umeme. Prosesa hupokea takriban volti moja, ilhali pawasapulai huleta volti 12. Koili na kapasita zilizoizunguka soketi ni sehemu ya saketi inayoushusha umeme huo. Prosesa ya wati 95 kwa volti 1.2 huvuta karibu ampia 80, na ndiyo maana pini nyingi za soketi hazibebi taarifa yoyote, zinapitisha umeme tu. G620 ni ya wati 65, i7-2600 ni ya wati 95. Kipoza joto kilichoitosha ya kwanza kinaweza kuzidiwa na ya pili, nayo ikijihisi inaungua hupunguza kasi yenyewe, ukabaki na i7 inayotembea.

Hata hivyo, si kila mpaka umewekwa na fizikia. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha nane zenye madoa 1151, idadi ile ile ya kizazi cha sita na cha saba, ikasema mazabodi za zamani hazifai kwa sababu mpangilio wa umeme umebadilika. Wapo wapenzi wa kompyuta waliofunika baadhi ya madoa, wakahariri BIOS, na mashine zikawaka. AMD nayo, Mei 2020, ilitangaza kuwa mazabodi za B450 na X470 hazitapokea prosesa za Ryzen za familia ya Zen 3. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba chipu nyingi za BIOS zina nafasi ya megabaiti 16 tu. Wateja walilalamika, na ndani ya mwezi huo huo kampuni ikabadili msimamo. Kufikia 2022 hata mazabodi za 2017 zilianza kufunguliwa mlango, na baadhi yake leo zinaendesha Ryzen 7 5800X3D. Miaka mitano ya uhai wa ziada kwa ubao mmoja! Hivyo ndivyo ninavyotaka kila kampuni ifanye.

Turudi kwenye 790. Mimi ningenunua i5-2400 kabla ya i7. Ina viini vinne, na ina maagizo ya AES ambayo G620 haina, yanayorahisisha usimbaji unaofanyika kila unapofungua ukurasa salama wa benki. Lakini kama bado unatumia diski ya kuzunguka, anza na SSD. Hakuna prosesa itakayoiharakisha sindano ya diski. Na usibadilishe prosesa kwa ajili ya Windows 11: orodha ya Microsoft huanzia kizazi cha nane cha Intel, na soketi hii iliishia cha tatu. Linux itakupokea vizuri.

Siku ya kufunga, usiguse pini hata kwa kitambaa. Linganisha vipengo viwili vya pembeni, iachie prosesa ikae kwa uzito wake, ndipo ushushe wenzo. Utasikia mkwaruzo unaotisha. Usiogope, ni pini 1155 zinajikunja kwa pamoja. Paka pesti mpya, rudisha feni, kisha washa, bonyeza F2, usome jina la prosesa kwenye BIOS kabla hujarudisha kava.