Bei ya Kuuliza Swali

Herufi 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya modemu ya kawaida nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: biti 300 kwa sekunde, na kila herufi ikila biti 10, kwa kuwa biti nane za herufi yenyewe zilisindikizwa na moja ya kufungua na moja ya kufunga. Kioo cha kompyuta za wakati huo kilibeba mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, jumla herufi 1,920. Gawanya kwa 30, unapata sekunde 64. Ukurasa mmoja ulijaa mstari kwa mstari kwa zaidi ya dakika nzima, na dakika hiyo ililipiwa.

Kwa waandishi wengi wa programu, mwenye kutoza alikuwa kampuni ya CompuServe ya Columbus, Ohio. Ilianzishwa mwaka 1969 chini ya kampuni ya bima ya maisha iitwayo Golden United, na biashara yake ilikuwa kukodisha muda wa kompyuta zake kubwa kwa makampuni mengine. Mchana wateja walijaa. Usiku mitambo ilibaki bila kazi, ilhali gharama zake hazikulala. Mwaka 1979 mkuu wake, Jeff Wilkins, akaamua kuziuza saa hizo za usiku kwa watu wenye kompyuta ndogo nyumbani. Hakuwa na ndoto ya kuiunganisha dunia. Alikuwa na mitambo isiyoingiza kitu baada ya saa za kazi. Waliokuja kununua saa hizo walikuta wenzao, na haikuchukua muda wakaanza kuulizana maswali.

Katikati ya miaka ya 1980 saa nzima ya matumizi ya jioni ilikuwa dola 6 kwa modemu ya biti 300, na dola 12.50 kwa ile ya biti 1,200. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 3.35 kwa saa. Kijana aliyefanya kazi kwenye duka la vyakula alihitaji karibu saa nne za kibarua ili kununua saa moja ya mazungumzo ya haraka, na hapo bado simu yenyewe. Aliyeishi mjini alipiga namba ya jirani na hakutozwa zaidi ya malipo yake ya mwezi. Wa mashambani alipiga ya mbali, bili mbili zikaenda sambamba.

Tumfuate mwandishi mmoja wa programu, wa mwaka 1986. Anaandika programu ya mahesabu ya duka kwa Turbo Pascal, lugha iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Borland kwa dola 49.95 wakati washindani wake wakitaka mamia. Programu inakwenda vizuri, ila inaganda kila Sidekick inapokuwa kwenye kumbukumbu. Sidekick, nayo ya Borland, ilikuwa programu ya kujificha: unaiwasha asubuhi, inakaa kimya nyuma ya kazi nyingine, ukibonyeza vitufe viwili inachomoza na kikokotoo na daftari. Programu za aina hiyo ziligombania kibodi na saa ya ndani ya kompyuta, na ugomvi wao haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Kilichobaki ni kuuliza.

Anaiamuru modemu: ATDT, kisha namba. Mlio wa simu, mluzi, mkwaruzo, kimya. Neno CONNECT linatokea, na tangu jina lake linapokubaliwa, saa inahesabu senti 10 kwa dakika. Orodha ya kwanza ya huduma inajichora polepole. Mgeni anaisoma yote na kuchagua namba, kisha orodha ya pili, kisha ya tatu. Mwenyeji anaandika GO na jina la jukwaa la mazungumzo analolitaka, akaziruka zote. Halafu swali lenyewe. Mtu anayechapa herufi tatu kwa sekunde anahitaji zaidi ya dakika tatu kwa swali la herufi 600, na hiyo ni kama hakosei wala hasiti. Anakata. Kesho anarudi kuangalia majibu. Mtu amemuuliza anatumia toleo gani la DOS, mfumo unaoendesha kompyuta yake. Anajibu, anakata. Keshokutwa anapata ufumbuzi. Jumla yake inaweza kufika dola mbili au tatu kwa swali moja, na programu ina maswali mengi kuliko hilo.

Anunue modemu ya kasi zaidi? Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Kwa biti 1,200 ukurasa ule ule unashuka kwa sekunde 16, na kwa bei ya senti 21 hivi kwa dakika unagharimu chini ya senti 6. Kwa biti 300 uligharimu karibu senti 11. Kupokea, basi, kumekuwa nusu bei. Lakini vidole vya mwandishi havikuongezeka kasi: swali lake la dakika tatu limepanda kutoka senti 33 hadi 70 hivi. Na macho je? Hakuna anayesoma herufi 1,920 kwa sekunde 16. Faida ya modemu mpya ilimfikia tu yule aliyeacha kusoma na kuandika akiwa hewani.

Ndivyo zilivyozaliwa programu kama TAPCIS na OzCIS. Mwandishi anatunga maswali na majibu yake yote kwa nafasi, simu ikiwa imekatwa. Akimaliza, programu inapiga yenyewe, inaingia, inamwaga ujumbe wote, inazoa mpya na kuuandika kwenye diski, inakata. Dakika nne, tano. Kisha anasoma akinywa kahawa, bila mtu kumhesabia. Waliotumia mikahawa ya intaneti ya Nairobi au Dar es Salaam miaka ile ya kulipia kwa dakika wanaujua mchezo huu: barua inaandikwa kwenye karatasi nyumbani, pale kwenye kompyuta kazi ni kunakili tu. Nadhani ndiyo sababu maswali mengi ya wakati ule yalikuwa yamekamilika: aina ya mashine, toleo, mistari ya msimbo inayogoma, yaliyokwisha kujaribiwa. Aliyesahau kutaja toleo lake alilipia siku nyingine.

Mafaili yalikuwa na balaa lao. Ward Christensen wa Chicago, aliyefungua ubao wa kwanza wa matangazo wa kompyuta (kompyuta ya kupigiwa simu ili kuachiana ujumbe) pamoja na Randy Suess mwaka 1978, alikuwa ametunga mwaka mmoja kabla utaratibu wa kupitisha mafaili uliokuja kuitwa XMODEM. Unakata faili vipande vya baiti 128, unatuma kimoja, unangoja upande wa pili useme umekipokea salama, ndipo unatuma kingine. Kwenye simu ya moja kwa moja ulifaa sana. Lakini mteja wa mbali alipitia mitandao ya kukodi kama Tymnet na Telenet, ambako kila jibu lilichelewa njiani. Faili la kilobaiti 40 lina vipande 320. Kila kimoja kikingojewa nusu sekunde tu, zimepotea sekunde 160 ambazo hakuna kilichosafiri, na zote zinalipiwa. Mwaka 1986 Telenet wenyewe walimlipa Chuck Forsberg atengeneze kitu bora. Akaja na ZMODEM, inayomwaga vipande mfululizo bila kungoja, na simu ikikatika katikati inaendelea pale ilipoishia. Mwaka uliofuata Steve Wilhite na wenzake hapo CompuServe wakatoa GIF, muundo wa kubana picha ili zishuke haraka. Vikatuni vinavyorukaruka kwenye simu za leo vimerithi umbo hilo.

Sasa, nani alifaidika? Wasimamizi wa majukwaa waliingia bila kutozwa na walipewa sehemu ya mapato ya muda uliotumika kwao. Makampuni ya programu yakaona mwanya. Huduma ya simu ya bure kwa wateja, kama ile ya WordPerfect kule Utah, ilimaanisha kampuni inalipa simu na mishahara ya wapokeaji. Kwenye jukwaa mteja ndiye aliyelipia muda, na mara nyingi aliyemjibu alikuwa mteja mwenzake, naye akilipia dakika zake ili kumsaidia mtu asiyemjua. Bidhaa yenye kasoro nyingi ilileta maswali mengi, maswali yakaleta dakika. Sisemi kuna aliyeacha kasoro makusudi. Nasema hakukuwa na sababu ya kifedha ya kufanya haraka.

Wasioweza bei hiyo walijenga njia yao. Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet mwaka 1984: ubao wake wa matangazo ulikusanya ujumbe mchana kutwa, kisha usiku wa manane, ushuru wa simu za mbali ukiwa chini kabisa, ukampigia mwenzake wa Baltimore na kubadilishana marobota ya barua. Swali lilichukua siku mbili tatu kufika na kurudi, ila muulizaji alilipia simu ya jirani tu, au hakulipa kitu. Utaratibu huo ulifaa penye simu ghali kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na mtambo wa Fido kwenye kituo cha mazingira cha ELCI, ukipeleka na kupokea barua za mashirika kupitia mtandao wa GreenNet wa London, miaka kadhaa kabla ya intaneti kamili kufika Kenya.

Desemba 1996 America Online ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, na bei ya dakika ikaanza kufa. Maswali ya herufi 600 yaliyopangwa sawasawa yakaanza kuchanganyika na ya maneno manne. Na yale majibu ya zamani? Majukwaa ya CompuServe yalikuwa na nafasi zenye kikomo za ujumbe. Ukija mpya, wa zamani kuliko wote unasukumwa nje. Kwenye jukwaa lenye shughuli nyingi jibu lilidumu siku chache. Wasimamizi wenye moyo walichukua mijadala yenye manufaa na kuihifadhi kama mafaili kwenye maktaba ya jukwaa. Aliyepandisha faili huko hakutozwa muda wake. Aliyelishusha alitozwa, na ambaye hakujua lipo aliuliza upya, akasubiri siku zake tatu, akalipa tena.