Anayelipa Ada Asitunge Somo

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze juu ya elimu ya biashara. Sina maana ya ile elimu ya kununua na kuuza, ambayo wengi wetu tumekua nayo sokoni. Nina maana ya elimu ya biashara baina ya nchi na nchi: ushuru wa forodha, mikataba, vyeti vya uasili wa bidhaa, viwango vya ubora, na namna mataifa yanavyokaa mezani kubishana juu ya mambo hayo. Na nataka tuulize swali ambalo ni nadra kuulizwa. Zipo taasisi za hisani ulimwenguni zinazotoa fedha ili elimu hiyo ifundishwe. Je, taasisi hizo huongozwa na nani, na kiongozi wake anawajibika kwa nani?

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yanatuhusu nini. Basi tuanzie mpakani. Mchukulie mama mmoja anayepeleka maharage kutoka Tarime kwenda kuuza ng'ambo ya pili, Isebania, upande wa Kenya. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, almuradi umezalishwa ndani ya Jumuiya na bidhaa yenyewe imo katika orodha iliyokubaliwa, huweza kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachopatikana pale pale mpakani. Mama anayelijua jambo hilo huomba cheti chake na kuvuka mchana kweupe. Asiyelijua hupita njia za panya usiku, au humlipa kijana anayejidai kuwa anafahamiana na wakubwa. Maharage ni yale yale na mpaka ni ule ule. Kinachowatenganisha wawili hawa ni elimu tu.

Sasa tupande ngazi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa mitumba ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate kupumua. Lilikuwa wazo ambalo wananchi wengi waliliunga mkono. Lakini nchi zetu vilevile zilikuwa zikinufaika na sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kule bila ushuru. Sheria hiyo ilikuwa na masharti, na mojawapo lilihusu nchi kuondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Wafanyabiashara wa mitumba wa huko wakapeleka malalamiko serikalini kwao mwaka 2017. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo Marekani bila ushuru. Mimi simlaumu aliyerudi nyuma wala aliyesimama. Nasema tu kwamba uamuzi kama huo unahitaji watu wetu wenyewe waliokwisha kuisoma sheria ya mwenzao mstari kwa mstari kabla ya tamko kutolewa, wakajua gharama yake, wakamwambia kiongozi wao bila kumwogopa.

Watu wa namna hiyo hawaokotwi njiani. Shirika la Biashara la Dunia lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na kufikia mwaka 2024 lilikuwa na wanachama 166. Mikataba yake ni maelfu ya kurasa, imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na nchi kubwa huja na wataalamu wengi wakati nchi ndogo huja na wawili watatu wanaokimbia kutoka chumba hiki hadi kile. Serikali maskini zina shule za kujenga na dawa za kununua, kwa hiyo somo la biashara ya kimataifa aghalabu huwa mwisho wa orodha. Hapo ndipo taasisi za hisani zinapoingia.

Taasisi ya hisani ni nini? Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana, kwani wakfu wanaujua. Mtu huitoa nyumba yake au shamba lake kuwa wakfu, na tangu siku hiyo mali ile si yake tena. Husimamiwa kwa ajili ya lile kusudi lililotajwa, iwe ni msikiti, madrasa au mayatima. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa ajili hiyo. Msimamizi wa wakfu hushika funguo, lakini hana haki ya kuihesabu nyumba ile kuwa urithi wa wanawe. Taasisi ya hisani ya kisasa ina misingi inayofanana na hiyo. Inaweza kupata faida katika vitega uchumi vyake, lakini hakuna mwanahisa wa kugawiwa faida hiyo. Yote hurudi katika kusudi.

Uongozi wake huwa na ngazi tatu. Kwanza kuna bodi ya wadhamini. Hawa ndio wenye dhamana ya mali na ndio walinzi wa kusudi. Pili kuna mwenyekiti, ambaye kazi yake ni kuiongoza bodi na wala si kuiendesha ofisi. Tatu kuna mtendaji mkuu, ambaye huajiriwa na bodi, huandaa mipango, husimamia wafanyakazi na fedha za kila siku, kisha hurudi mbele ya bodi kutoa hesabu. Bodi ina haki ya kumuuliza, kumkatalia na hata kumwondoa. Ukikuta mahali mtu mmoja ndiye mtoa fedha, ndiye mwenyekiti, ndiye mtendaji, na tena ndiye anayejikagua, ujue hapo pana duka la mtu lililobandikwa kibao cha hisani.

Tutazame mfano mmoja wa elimu ya biashara. Merle Hinrich ni Mmarekani wa jimbo la Nebraska aliyekwenda kufanya kazi Asia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishiriki kuanzisha jarida la biashara lililowakutanisha wenye viwanda wa Asia na wanunuzi wa nje. Kutoka hapo ikakua kampuni ya Global Sources, ambayo mwaka 2017 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone. Mwaka 2012 Hinrich alianzisha taasisi ya hisani yenye jina lake, Hinrich Foundation, yenye makao yake Asia. Taasisi hiyo imetoa ufadhili wa masomo ya shahada ya uzamili kwa vijana wa Asia katika biashara ya kimataifa na uandishi wa habari za biashara, imegharamia utafiti, na imeshirikiana na taasisi ya waandishi wa habari ya mjini Washington kutoa tuzo kwa habari bora za biashara. Mwanzilishi akawa mwenyekiti, na utendaji ukakabidhiwa mtendaji mkuu, Kathryn Dioth.

Hapa msikilizaji makini ataniuliza: mtu aliyetajirika kwa kuuza matangazo ya bidhaa za viwandani, je, atalipia utafiti unaosema kwamba biashara nayo ina madhara yake? Ni swali la haki kabisa. Mwaka 2016 taasisi hiyo ilitoa kipimo cha biashara endelevu, ambacho hakihesabu mauzo ya nje peke yake, bali hupima pia hali ya jamii, wafanyakazi wakiwemo, na hali ya mazingira. Kazi ya kupima ilipewa watu wa nje: kwanza kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist, na baadaye chuo cha usimamizi cha IMD cha Uswisi. Huo ni uamuzi wa uongozi, na ni uamuzi mzuri, kwa maana anayelipia mizani hakuishika mizani mwenyewe. Hata hivyo, tusisahau kwamba anayelipa ndiye huchagua kipi kipimwe. Nguvu hiyo haionekani kwa urahisi, na kiongozi mwaminifu hukiri kwamba anayo.

Mtihani mkubwa zaidi wa taasisi za namna hii ni mwanzilishi mwenyewe na familia yake. Tukumbuke kisa cha Ford Foundation ya Marekani, ijapokuwa hiyo si ya elimu ya biashara peke yake. Ilianzishwa mwaka 1936 na Edsel Ford, mwana wa Henry Ford mtengeneza magari, kwa kianzio cha dola 25,000. Baadaye ikawa tajiri kupindukia kwa hisa za kampuni ya familia, kisha ikaziuza hisa hizo kidogo kidogo hadi ikazimaliza mwaka 1974. Mwishoni mwa mwaka 1976 mjukuu, Henry Ford wa Pili, alijiuzulu katika bodi. Alilalamika katika barua yake kwamba taasisi iliyozaliwa na ubepari ilikuwa haioneshi kuutambua mfumo uliofanya iwepo.

Nani alikuwa na haki? Wako waliosema mjukuu alisema kweli, kwamba anayekula matunda asiutukane mti. Wako waliosema mali ikishatolewa imetolewa, na wadhamini wanawajibika kwa kusudi na si kwa ukoo. Mimi naegemea upande wa pili, lakini kwa sharti: kusudi liandikwe wazi tangu mwanzo. Kusudi likiandikwa kwa maneno ya jumla, kila kiongozi mpya atalivuta anakotaka, na watakaoumia ni wanafunzi walioanza kozi kwa ahadi ya kiongozi aliyeondoka.

Sasa turudi nyumbani. Pale Arusha kipo kituo cha mafunzo ya sera za biashara kwa ajili ya Afrika, kinachojulikana kwa jina la TRAPCA. Kilianzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa taasisi ya ESAMI ya huko huko Arusha na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Sweden. Kusudi lilikuwa kuzijengea uwezo nchi maskini za Afrika, ili maofisa wake waijue sheria na sera ya biashara na waweze kujadiliana wakisimama kwa miguu yao. Hiki si taasisi ya tajiri mmoja, lakini swali linalokihusu ni lile lile. Anayelipa ni wa mbali, anayesoma ni wa hapa. Na Sweden ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ambao ndio wanafunzi wa kituo hicho huenda wakakutana nao mezani. Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja huo mwaka 2016, na Kenya ikatia saini wa kwake tarehe 18 Desemba 2023. Ofisa wa kila upande alihitaji kufundishwa vizuri, aliyekataa na aliyekubali, na aliyemfundisha hakupaswa kumwambia jibu.

Kwa sababu hiyo nasema kiongozi wa taasisi kama hizi ana mabwana watatu: mtoa fedha, mwanafunzi na ukweli. Mtoa fedha ana haki ya kuona hesabu, tena hadi senti ya mwisho. Hana haki ya kutunga somo. Kiongozi anayeshindwa kumwambia mfadhili wake maneno hayo kwa adabu hafai kuongoza, hata awe na shahada ngapi.

Sheria zetu zimeweka misingi. Kwa Tanzania, bodi za wadhamini husajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuyatumia mashirika hayo kugawana faida. Lakini sheria ni uzio tu, na uzio haulimi shamba. Kinacholima ni maswali ya wananchi. Ukisikia taasisi inatoa ufadhili wa kumsomesha mwanao biashara ya kimataifa, uliza: Bodi yake ni akina nani, na wanakaa kwa muda gani? Mwenyekiti na mtendaji ni watu wawili au mmoja? Hesabu zinakaguliwa na mtu wa nje? Nani anayechagua walimu? Mfadhili akiondoka kesho, darasa litabaki?

Swali hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha. Bara letu lilianza biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika tarehe 1 Januari 2021, na mkataba wake una kanuni nyingi za uasili wa bidhaa ambazo mama wa Tarime na mwenye kiwanda wa Mwanza watapaswa kuzijua. Tunao matajiri, na wengi wao wametajirika kwa biashara hiyo hiyo ya mipakani na bandarini. Wamejenga misikiti, makanisa na zahanati, Mungu awalipe. Bado nasubiri kusikia walioungana wakaweka mfuko, wakauchagulia wadhamini wasio ndugu zao, wakasema: fedha hizi ni za kuwafundisha watu wetu biashara ya dunia, na sisi hatutaingia darasani. Siku hiyo ikifika, nitafurahi kuwasomea habari hiyo katika taarifa ya saa mbili usiku.

Mpaka wiki ijayo, majaliwa.