Si Kila Tumbo Lililojaa Gesi Lina Sumu

Hapa kwetu Kivu, tumbo likivimba baada ya chakula, wengi wetu husema upesi: «Nimelishwa sumu.» Jirani anashutumiwa, na mgonjwa anapelekwa kutapishwa kwa dawa za miti. Mara nyingi chanzo ni chakula chenyewe.

Gesi inatoka wapi? Kwanza, ni hewa tunayomeza tukila mbiombio, au gesi ya soda. Pili, maharagi yana sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuivunja. Ikifika katika utumbo mkubwa, bakteria huichachusha, na gesi hutokea. Maziwa huwasumbua watu wazima wengi kwa namna hiyohiyo. Kufunga choo pia huvimbisha tumbo, na vilevile vijidudu vya maji machafu.

Tufanye nini? Tuloweke maharagi usiku kucha, tumwage maji yale, tuyapike kwa maji mapya mpaka yaive vizuri. Tule polepole, tupunguze soda, tutembee kidogo baada ya kula. Na tusiogope: kutoa gesi mara 10 kwa siku ni kawaida.

Lakini tukiona damu katika choo, homa, kukonda au kutapika kusikoisha, twende kituo cha afya. Tumbo likiwa gumu na kuuma sana, choo wala gesi havitoki, twende hospitali siku hiyohiyo.

Na jina la jirani tusilitaje. Tumwache daktari apime kwanza.