Uwanja wa Pirates hauna geti, una mwezi tu

JUMAPILI maji yakikupwa, ukishuka pale Jomo Kenyatta Public Beach, Bamburi, huna haja ya kuuliza uwanja uko wapi. Ufuo mzima ni uwanja. Kandambili mbili huku, mbili kule, goli tayari. Upande mmoja mpaka ni mchanga mkavu, upande wa pili mpaka ni Bahari Hindi. Boli ikiingia majini, aliye karibu anaifuata, anairusha, mechi inaendelea.

Wenyeji hawana shughuli na jina hilo refu. Wao husema Pirates, basi. Siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya hapa hujaa mpaka ukakosa pa kuweka mguu. Wengine wamekodi tyubu za tairi waogelee, wengine wako juu ya ngamia, wengine wanakula viazi karai na maembe ya pilipili. Lakini siku za kawaida mfalme wa ufuo ni gozi. Hakuna kiingilio, hakuna kitambulisho, hakuna wa kukuuliza umetumwa na nani.

Kwa barobaro wa Kisauni ambaye mfukoni ana nauli ya kurudi nyumbani tu, hilo si jambo dogo. Swali ni kwa nini uwanja huu bado upo, wakati nafasi za kuchezea mitaani zinazidi kumezwa na nyumba.

REFA NI MWEZI

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana mechi iliyochezwa leo saa nne asubuhi huwezi kuipanga saa hiyo hiyo wiki ijayo. Utakuta samaki ndio wanaocheza.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 3 au zaidi. Hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na ufuo huwa mpana hata mechi kadhaa zikapigwa sambamba. Lakini ikifika saa kumi, saa kumi na moja jioni, wakati wanafunzi wametoka shule na vibarua wametoka kazini, bahari imejaa. Uwanja umefungwa.

Wiki inayofuata, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Mambo yanageuka. Sasa maji hukupwa jioni, ile saa ya boli, ila hayaendi mbali. Saa umepata, lakini uwanja ni mwembamba.

Vijana wanaocheza hapa wanayajua haya bila kufundishwa darasani. Anayefuata tarehe za Kiislamu anajua kuwa mwanzo na katikati ya mwezi ni bamvua. Mwingine anatazama simu, mwingine anawauliza wavuvi. Kwa sheria za FIFA, soka ya ufukweni ni wachezaji watano kila upande, vipindi vitatu vya dakika 12, kwenye uwanja wa urefu wa mita 35 hadi 37. Pirates mnaweza kuwa kumi kwa kumi na mbili, na filimbi ya mwisho ni maji yakifika kwenye kandambili.

MCHANGA WA UMMA

Sasa sikiza jambo ambalo wachezaji wengi hawajaambiwa. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ardhi hiyo inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC.

Maana yake ni kuwa mchanga ule unaofunikwa na maji na kufunuliwa si wa hoteli iliyo nyuma yake, wala si wa mwenye jumba la kifahari. Ni wako. Sehemu ambayo hakuna anayeweza kujenga nyumba ndiyo sheria imekuachia ucheze.

Tatizo ni kufika. Mchanga ni wa umma, lakini ploti zilizo mbele yake nyingi zina wenyewe, na unaweza kuuona kwa mbali bila kuwa na pa kuteremkia. Malalamiko kuhusu njia za kwenda baharini kuzibwa kwa kuta na mageti ni ya miaka mingi Pwani. Pirates imebaki ya watu kwa sababu mlango wake uko wazi. Njia ikizibwa, Kifungu cha 62 hakikusaidii, labda uje kwa ngalawa.

CHANGAMWE HAKUNA MCHANGA

Tuvuke. Kutoka Kisauni unapita daraja la Nyali, unakata kisiwa, unatokea Makupa mpaka Changamwe. Maji huku yapo, lakini ni maji ya hori, na ukingo wake ni mikoko na tope. Kifungu cha 62 kinalinda tope hilo pia. Shida ni kwamba boli haidundi kwenye tope.

Kwa hivyo kijana wa Changamwe anategemea nchi kavu: uwanja wa Bomu, viwanja vya shule, na kipande chochote kilichobaki mtaani. Na nchi kavu ya Changamwe ina wachumba wengi. Gati za Kipevu ziko huku, uwanja wa ndege wa Moi uko huku, barabara kuu ya kwenda Nairobi inapita huku. Kila eka iliyo wazi inatamaniwa na mwenye malori na mwenye makontena. Pirates, bahari huja mara mbili kwa siku ikafagia kila kitu. Changamwe hakuna bahari ya kuja kuondoa lori lililoegeshwa golini.

Likoni mambo yamechanganyika. Bahari ipo, Shelly Beach, na uwanja wa Caltex upo. Lakini Caltex si wa wachezaji peke yao. Ni pale pale wanasiasa huitia mikutano, na msimu wa kampeni ukifika, uwanja unakuwa jukwaa. Kisha kuna suala la ardhi. Mwaka wa 2016 wakazi wa shamba la Waitiki, la ekari 930, walikabidhiwa hati baada ya mvutano wa miaka. Ilikuwa furaha, na ilistahili. Lakini shamba lolote likishakatwa vipande, kila kipande kina mwenyewe. Mahali pa kuchezea watoto huwekwa kwenye ramani kabla ya kukata. Ukichelewa, itabidi ununue.

Ukitaka kupunga upepo, kivuko cha feri hakimtozi anayevuka kwa miguu, na ng'ambo ya pili kuna Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mpaka sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyiwa pale. Ni mahali pazuri pa kukaa na wenzako, mle mihogo, mtazame meli. Lakini si pa kufanyia mazoezi ya timu ya mtaa.

MPAKA KASARANI

Kuna atakayesema, "Dawa ni uwanja mkubwa." Ni kweli kwamba tumeuhitaji. Mji huu ndio uliotoa Feisal, mabingwa wa ligi ya kitaifa mwaka wa 1965. Lakini Bandari FC waliposhinda SportPesa Shield 2019 na kuingia Kombe la Mashirikisho la Afrika, mechi zao za "nyumbani" walizichezea Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka nyumbani, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja wa kufikia viwango vya CAF. Ukarabati wa uwanja wa manispaa kule kisiwani nao ulikwama kwa miaka.

Hiyo ni aibu, na isemwe. Lakini uwanja mkubwa unachezewa na watu 22, na maelfu wanatazama. Barobaro wa Mtopanga au Mikindani hahitaji viti elfu ishirini. Anahitaji mahali pa kucheza Jumanne saa kumi na moja jioni. Wachezaji wa Bandari wa kesho hawatatoka kwenye viti. Watatoka kwenye vumbi la Bomu na mchanga wa Bamburi, kama vitakuwapo.

ANZA NA BARUA

Cha kufanya kipo, na hakihitaji ujuane na mheshimiwa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kusimamia vifaa vya michezo, bustani, fuo na maeneo ya burudani. Kwa hivyo kiwanja chenu ni kazi ya kaunti, si hisani ya mgombea anayeleta jezi.

Nahodha na katibu wa timu wakae, waandike barua kwa afisi ya ardhi ya kaunti. Maswali ni matatu: Kiwanja chetu kimesajiliwa kwa jina la nani? Kwenye ramani kimetengewa matumizi gani? Mipaka yake ni ipi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, na afisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wenzetu wa Bamburi na Shanzu waongeze la nne: njia za umma za kwenda baharini ni zipi, na ngapi ziko wazi?

Mkigundua kiwanja hakiko kwenye rekodi, msivunjike moyo. Heri kujua sasa kuliko kujua siku mawe ya ujenzi yanapomwagwa. Chukueni jibu hilo mpaka kwenye vikao vya maoni ya umma, bajeti inapopangwa, mdai kipimwe na kisajiliwe kabla ya kudai taa na nyavu. Nyavu zinachakaa. Hati ndiyo inayobaki.

Na kama unakuja Pirates wikendi hii kupiga boli, tazama mwezi kwanza.