Kugeuza Banda la Gari Kuwa Chumba: Gharama Ambazo Fundi Hazitaji

Wenye nyumba wengi wa mijini hujenga banda la gari lenye kuta na paa kamili, kisha likabaki ghala la madebe ya rangi na baiskeli mbovu. Wazo la kuligeuza kuwa chumba cha kijana aliyekua, au cha mpangaji, ni la busara. Matatizo huanza pale fundi anapotaja bei moja ya jumla akiwa amesimama mlangoni, bila kupima chochote.

Tuchukue banda la mita 3 kwa 6. Uwazi wa mlango wa gari wenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1 huzibwa kwa matofali ya saruji 50 hivi, na hupungua ukiweka dirisha. Hiyo ndiyo kazi inayoonekana, nayo ni sehemu ndogo ya gharama.

Fedha nyingi huzama sakafuni. Aghalabu sakafu ya banda huwa chini kuliko ya nyumba, na huinamishwa kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke. Mlango ukizibwa bila kuipandisha, maji ya masika yatapenya ndani na kukosa pa kutokea. Zege la sentimita 10 juu ya mita za mraba 18 ni mita za ujazo 1.8, ambazo kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hula takriban mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, mbali na mchanga, kokoto, nailoni ya kuzuia unyevu na ujira. Kimo cha chumba nacho hupungua, na bado dari haijawekwa. Wapo wanaoiona dari kuwa anasa. Hao hawajalala chini ya bati tupu Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Choo ndicho kinachoweza kupindua hesabu yote. Bomba la majitaka la inchi 4 huhitaji mteremko wa takriban 1 kwa 40, yaani kushuka sentimita 20 katika umbali wa mita 8. Ikiwa chemba iliyopo haiko chini kiasi hicho, itabidi sakafu ya choo inyanyuliwe au njia nyingine ichimbwe. Kwa hiyo tunamshauri mlaji aulize habari za choo kabla ya kuuliza za vigae. Fundi akijibu kwamba "tutaona mbele ya safari", asilipwe hata senti ya kuanzia.

Umeme wa banda mara nyingi ni taa moja na soketi moja. Nyaya mpya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuhusu kibali, muulize ofisa wa halmashauri kabla ya tofali la kwanza, kwa kuwa unabadilisha matumizi ya jengo.

Dai mchanganuo wa gharama kwa maandishi, vifaa peke yake na ufundi peke yake. Lipa kwa awamu kulingana na kazi iliyokamilika, na ubakize sehemu ya malipo hadi maji yamwagwe chooni na nje ya ukuta mpya, mkiwa nyote mnatazama.

Anayekusudia kupangisha afanye hesabu nyingine. Tuseme, kwa mfano tu, kazi imekula shilingi 6,000,000 na pango ni 100,000 kwa mwezi. Ukiondoa kodi ya zuio ya asilimia 10, zinabaki 90,000, na fedha yako itarudi baada ya miezi 67, iwapo chumba hakitakaa wazi hata mwezi mmoja. Kama gari bado lipo, ada ya kulilaza kwingine nayo itolewe katika hizo 90,000.